Mtoto anadokoa biskuti kila akihuzunika: nimzuie au nimwache?

Swali: Binti yangu ana miaka 8. Akirudi shule kitu cha kwanza ni kabati la biskuti, anakula hata mkoba hajauvua. Nilimkemea, nikazificha, mwishowe nikalifunga kabati kwa kufuli. Wiki iliyopita nilikuwa nageuza godoro lake nikakuta makaratasi ya peremende yamejaa. Akigombana na mwenzake anataka kitu kitamu. Siku nyingine ananuna na kususa chakula kabisa. Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, anasema nimwache ale maana ana huzuni, na akilia humpa peremende anyamaze. Dada yangu anasema huo ni ulafi, na kwa kuwa ameanza kunenepa nimpunguzie chakula. Baba yake alihama mwaka jana. Je, huu ni ugonjwa, ni tabia, au nimekosea malezi?

Jibu: Mama, binti yako si mlafi. Naanza hapo kwa sababu neno hilo likishatamkwa nyumbani, mtoto hulisikia hata kama halikusemwa mbele yake. Mtoto anayeficha makaratasi chini ya godoro anaona haya tayari. Ukimwongezea haya umemwongezea sababu ya kwenda kabatini, kwa kuwa fedheha ni moja ya hisia zinazomsukuma kula.

Mama yako ameona huzuni, na amepatia. Dada yako ameona kwamba ulaji umeharibika, naye amepatia. Kasoro iko kwenye dawa wanazotoa. Peremende inayotolewa wakati wa machozi humfundisha mtoto kwamba utamu ndio unaomaliza kilio. Kumnyima na kumfungia huupandisha thamani utamu uleule. Nyumba yenu kwa sasa inafanya yote mawili, tena kwa mtoto mmoja, kwa hiyo amebaki na kitu kinachomtuliza ambacho wakati huohuo kimekatazwa. Kudokoa kunazaliwa hapo.

Nikueleze kwanza kinachotokea mwilini, maana kinasaidia kuondoa lawama. Mtu akipata mshtuko au huzuni ya ghafla, mwili wake hujiandaa kukabili hatari: adrenalini hupanda, mwendo wa tumbo hupungua na hamu ya kula hukatika. Ndiyo maana watoto wadogo wengi wakiudhika hususa sahani. Msongo ukikaa muda mrefu, homoni ya kotisoli hubaki juu, na hiyo huweza kuamsha hamu, hasa ya vitu vyenye sukari na mafuta. Tena utamu unatuliza kweli. Hospitalini, mtoto mchanga anayetakiwa kuchomwa kisigino ili atolewe damu huweza kudondoshewa mdomoni maji yenye sukari kidogo, na kilio chake hupungua. Kwa hiyo binti yako hajidanganyi anapohisi nafuu. Nafuu ipo, ila ni ya dakika chache, na kilichomliza kinabaki palepale.

Kutoka hapo hadi kuifanya biskuti kimbilio la kila siku ni suala la kujifunza, na mafunzo hayo hutoka nyumbani. Hilo si dhana tu. Nchini Uingereza kuna utafiti unaofuatilia mapacha waliozaliwa mwaka 2007. Watafiti wakilinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana huweza kupima ni kiasi gani cha tabia kinatokana na vinasaba na kiasi gani kinatokana na malezi ya pamoja. Hamu ya kula kwa jumla, yaani jinsi mtoto anavyokula haraka au anavyoshiba upesi, ilionekana kurithiwa kwa kiasi kikubwa. Lakini walipopima kula kwa sababu ya hisia, watoto wakiwa na takriban miaka 5, vinasaba vilichangia sehemu ndogo sana. Karibu yote ilitokana na mazingira ya nyumbani. Kulikuwa na jambo jingine ambalo naona linamhusu binti yako moja kwa moja: watoto waliokula zaidi wakiwa na hisia kali mara nyingi walikuwa haohao ambao siku nyingine walikula kidogo mno. Kwa hiyo huyo anayedokoa na huyo anayesusa ni mtoto mmoja mwenye shida moja. Usishangae, wala usidhani anakuchezea akili.

Najua ukisoma neno "nyumbani" moyo umeshtuka. Subiri kidogo. Huko Norway, katika mji wa Trondheim, watafiti waliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miaka 4 hadi walipofika miaka 10. Wazazi waliozoea kuwatuliza watoto kwa chakula walikuja kuwa na watoto wanaokula kwa hisia zaidi. Lakini mambo yalikwenda pande zote mbili: mtoto aliyekuwa anatulia upesi akipewa chakula alimvuta mzazi wake ampe tena na tena, na watoto wenye hisia za karibu, wepesi wa kulia na kukasirika, ndio walioingia zaidi katika mzunguko huo. Mtoto analia, umechoka, unampa kitu, ananyamaza. Mzazi yeyote anarudia kinachofanya kazi. Hujakosea kwa ukatili wala kwa uzembe. Mmefundishana, wewe, bibi na mtoto, njia iliyokuwa rahisi kwenye siku ngumu.

Daktari wa magonjwa ya akili Hilde Bruch, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alilieleza jambo hili miongo mingi iliyopita. Mtoto ambaye kila kilio chake kinajibiwa kwa chakula, awe na njaa, usingizi, hofu au upweke, hapati nafasi ya kujifunza kuzitofautisha hali hizo ndani ya mwili wake. Anakua akihisi kitu kimoja tu kisichopendeza, na jibu moja tu kwa hicho kitu.

Sasa kuhusu kufuli. Mwaka 1999 watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch wa Marekani waliwapa watoto wadogo vitafunwa viwili vinavyokaribiana. Kimoja walikipata bila kizuizi, kingine walikiona mbele yao lakini wakaruhusiwa kwa muda mfupi tu. Kile kilichozuiwa ndicho walichokiongelea, ndicho walichokiomba, ndicho walichokichukua zaidi kiliporuhusiwa. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa 2015, uliwaona watoto wakiwa na miaka 3 hadi 5 na kuwaona tena wakiwa na miaka 5 hadi 7. Wale ambao mwanzoni wazazi wao walitumia chakula kama zawadi, au waliwabana sana kuhusu vyakula fulani, ndio waliokula zaidi walipowekwa katika hali ya kuudhi kidogo, ingawa walikuwa wameshashiba.

Kwa hiyo liondoe kufuli. Lakini usiliondoe ukaacha kabati limejaa, maana hilo nalo ni mtego. Acha kununua akiba kubwa ya biskuti na peremende. Kitu kisichokuwepo nyumbani hakina uchungu wa kitu kilichopo na kufungiwa. Halafu, mara kadhaa kwa wiki, biskuti ziwekwe mezani wazi kama sehemu ya kitafunwa cha mchana, pamoja na tunda na maziwa au karanga, kila mmoja ale, pasiwe na hotuba. Zisiwe tuzo ya kumaliza kazi ya shule, wala zisinyimwe kwa adhabu. Nazirudia hizi kwa sababu ndizo zinazosahauliwa upesi: hakuna chakula cha kupongeza na hakuna chakula cha kuadhibu.

Muda ule wa kurudi shule nautilia shaka kwa sababu nyingine pia. Watoto wengi ninaoletewa kwa tatizo hili wana njaa ya kweli. Asubuhi ameondoka na kikombe cha chai, mchana amekula nusu kwa sababu alikuwa anawahi kucheza, na saa kumi jioni anaingia nyumbani akiwa na njaa, uchovu na kinyongo cha darasani kwa mpigo. Mtu mzima mwenyewe hapo hawezi kupambanua. Jaribu kwa wiki mbili kuipa siku ratiba inayojulikana: milo mitatu, na vitafunwa viwili katikati, pasipite zaidi ya saa tatu au nne bila kitu. Kifungua kinywa kiwe na kitu cha kushibisha, kama yai, maharage au maziwa, si wanga mtupu. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter wa Marekani ana mgawanyo wa kazi ambao nimeuona ukituliza nyumba nyingi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Humlazimishi kumaliza sahani, humhesabii vijiko. Ukishikilia upande wako, upande wake hurekebika polepole.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa msichana wa umri wake hiyo ni kama gramu 40. Kopo moja la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35. Kama kuna soda nyumbani, anza kuipunguza hiyo kabla ya kugusa biskuti, na mpunguze wote, siyo yeye peke yake. Usingizi nao uangalie: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Akipungukiwa, homoni za njaa hupanda, na hasira nazo huwa karibu.

Ushauri wa dada yako wa kumpunguzia chakula ili apungue, tafadhali usiufuate. Mtoto wa miaka 8 anaelekea kubalehe, na wasichana wengi hujaza mwili kabla ya kurefuka. Uzito wake unasomwa kwenye chati ya ukuaji, kwa kulinganisha na urefu na umri wake, na anayeisoma ni mhudumu wa afya. Kinachojulikana vizuri ni kwamba watoto wanaosemwa kuhusu uzito wao nyumbani, hata kwa utani, hata kwa nia njema, huwa katika hatari zaidi ya kuja kuwa na ulaji wenye matatizo wakifika ujanani. Mwombe dada yako, kwa upendo, asimguse mtoto tumbo wala asimwite majina. Hili usilionee aibu kulisimamia.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonikaa moyoni zaidi. Barua yako ina mistari mingi kuhusu biskuti na mstari mmoja tu kuhusu baba: "alihama mwaka jana." Baada ya hapo ukaenda moja kwa moja kwenye swali. Sikulaumu, huenda ndivyo unavyoweza kulisema kwa sasa. Ila nahisi hata nyumbani linasemwa hivyohivyo, kwa kifupi, kisha kimya. Mtoto hujifunza upesi mada gani inamliza mama, na akishajua huibeba mwenyewe ili asikuumize. Mtoto aliyebeba kitu ambacho hakisemeki hutafuta pa kukitua, na kabati liko karibu.

Kwa hiyo kazi kubwa zaidi haiko jikoni. Mpe ruhusa ya kumtaja baba yake. Usimkalishe kitako na kumuuliza "una nini?", kwa maana atajibu "sina kitu", na hasemi uongo, hajui tu. Watoto huongea vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Mkiwa mnakunja nguo, sema tu: "Leo nimemkumbuka baba yako alivyokuwa anakunja mashati vibaya. Wewe humkumbuka lini?" Kisha nyamaza. Akisema "sijui", mwambie "sawa," mwendelee kukunja. Siku ya tatu au ya nne atasema kitu, labda kidogo sana, labda swali linalouma, kama vile ikiwa baba alihama kwa sababu yake. Watoto wengi wa umri huo hujishika lawama hizo bila kumwambia mtu. Jibu kwa ukweli unaomfaa: watu wazima wawili hawakuelewana, yeye hakusababisha, na baba bado ni baba yake. Ikiwa baba anapatikana na ni salama, siku moja inayojulikana ya kuzungumza naye humtuliza mtoto kuliko simu nyingi zisizo na mpango.

Na jioni ile ya mkoba, jaribu hivi. Kabla ya kumwonyesha chakula, mpokee. Chukua mkoba, kaa naye hata dakika tano, simu iwe mbali. "Leo umekuja umenuna. Shule ilikuwa ngumu?" Akisema mwenzake amemtenga, usikimbilie kumfundisha alipaswa kufanya nini, mwambie inauma, umshike. Halafu leteni kitafunwa, kwa saa yake ileile ya kila siku, mle mmekaa. Faraja imekuja kwanza, chakula kimefuata kwa ratiba yake. Kimoja si malipo ya kingine. Akija kuomba kitu kitamu nje ya saa, usimhoji kama ana njaa kweli, kana kwamba yuko mahakamani. Kaa naye kwanza. Baada ya hapo akisema bado ana njaa, mpe chakula cha kawaida, mezani. Kumwamini ni sehemu ya tiba.

Makaratasi ya chini ya godoro yazungumzie mara moja tu, siku tulivu: "Niliyaona makaratasi. Sikukasirika. Ukitaka peremende uniambie, hutahitaji kujificha." Usimpekue tena. Nakuonya mapema: wiki za mwanzo baada ya kufuli kuondoka anaweza kula zaidi, kwa sababu hajaamini kama litabaki wazi. Wazazi wengi hukata tamaa hapo na kulirudisha. Vumilia, ratiba ikishazoeleka presha hiyo hushuka.

Kwa bibi, mwendee kwa heshima, na usimnyang'anye nafasi yake. Mwambie: "Mama, mjukuu wako anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Akilia, naomba umpakate na umsimulie kitu kabla hujampa chochote." Peremende aendelee kumpa siku ambazo mtoto anacheka, kama zipo. Kinachoharibu ni ule wakati wa machozi, siyo mkono wa bibi. Na mle pamoja ninyi watatu kadiri mnavyoweza, televisheni ikiwa imezimwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba watoto wanaokula na familia mara tatu au zaidi kwa wiki huwa na ulaji bora na matatizo machache ya kula. Lakini mlo wa pamoja unaogeuka kikao cha kumsema mtoto ni afadhali usiwepo.

Swali moja ambalo hukuliuliza: wewe mwenyewe unakula vipi tangu mwaka jana? Watoto huiga wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Kama usiku ukiwa mpweke unasimama jikoni ukitafuna, au kama siku za huzuni hupitishi kitu mdomoni, yeye ameona. Huna haja ya kuwa mkamilifu mbele yake. Inatosha asikie ukisema, "Leo nimechoka na nina huzuni, nitampigia dada yangu simu tuongee." Hapo amejifunza kwamba huzuni ina mahali pengine pa kwenda. Nawe umeachwa, mama. Tafuta mtu wa kukusikiliza ambaye si binti yako.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, hapana. Lakini kuna dalili zisizosubiri. Akiwa anakula sana huku anakonda, ana kiu isiyoisha na anakojoa mara kwa mara au ameanza kukojoa kitandani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari. Mpeleke pia akiwa anatapika baada ya kula, anakula vitu visivyo chakula, anakula kingi kwa haraka mara kwa mara na kusema hawezi kuacha, au uzito umepanda ghafla baada ya kuanza dawa fulani, hasa zile za jamii ya steroidi. Na huzuni yake ikizidi wiki mbili akiwa hachezi, halali vizuri au anasema maneno ya kutaka kufa, usingoje habari za chakula kabisa. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili ya watoto mara moja.

Ukiamua kwenda kliniki, nenda na daftari la wiki moja. Usiandike gramu wala idadi ya biskuti. Andika saa, kilichotokea kabla, na alikuwa na nani. Omba kuingia kwanza peke yako, mtoto abaki nje na mtu anayemwamini, ili asikae akisikiliza uzito wake ukijadiliwa juu ya kichwa chake.